Mpagazi Katika Uwanja wa Magari ya Vita

Mtu atakaye kuonyesha gari lake katika maonyesho ya magari ya vita huko Uingereza hupewa hati ajaze kabla ya kukubaliwa nafasi uwanjani. Hati niliyojaza mimi iliuliza aina ya gari, mwaka lilipoundwa, uzito wake, nguvu za enjini yake, na hali ya breki zake. Mbele ya swali la kwanza niliandika neno moja: mtu. Mbele ya swali la pili niliandika 1917. Uzito nilikadiria ratli 120 bila ya mzigo. Swali la enjini nililiacha wazi, na juu ya breki nikajibu kwamba hakuruhusiwa kusimama.

Sikufanya hivyo kwa mzaha, wala sikukusudia kuwaudhi watu wa uwanja ule. Nilifanya hivyo kwa sababu ninalo dai, na insha hii yote ni dai hilo. Nadai kwamba mpagazi wa Afrika ya Mashariki alikuwa gari la vita. Alitumiwa kama gari, akahesabiwa kama gari, akaachwa njiani kama gari bovu. Na mahali panapojitangaza kuwa mahali pa kukumbuka magari ya vita, pasipokuwa na yeye, ni mahali pa uongo. Nasema uongo, sisemi upungufu. Upungufu ni kusahau jambo dogo lililokuwa kando ya jambo kubwa. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, tangu mwaka 1914 hata 1918, mpagazi ndiye aliyekuwa jambo kubwa, na lori ndilo lililokuwa kando.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuona maonyesho ya namna hii yafaa nieleze kidogo. Hufanywa wakati wa joto katika mashamba na viwanja vipana. Watu huja na vifaru, malori, pikipiki, mizinga, magari ya wagonjwa, mahema na majiko ya jeshi, wakakaa siku nne au tano wakilala kando ya mali zao. Maonyesho niliyokwenda mimi yalikuwa katika wilaya ya Kent, upande wa kusini mashariki wa Uingereza, na magari yalikuwa mamia kwa mamia. Usiku wa pili ilinyesha mvua. Kulipokucha uwanja ulikuwa tope, na magari yaliyoletwa kuonyesha nguvu zake yakawa yanavutana kwa minyororo. Nami nilifurahi moyoni, nakiri, kwa sababu tope lile lilinisaidia kueleza katika dakika moja jambo ambalo kibao changu kingelieleza kwa shida. Rafiki yangu, fundi Mwingereza aliyestaafu, ndiye aliyenikaribisha katika kiwanja chake. Yeye alileta lori la Ford lililoundwa Kanada mwaka 1942, moja katika malori zaidi ya 400,000 yaliyoundwa nchini humo kwa kielelezo kimoja kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika na jambo nilitakalo kufanya. Kisha akatwaa nyundo akanisaidia kukipigilia kibao.

Maonyesho yangu yalikuwa haya. Kando ya lori tulitandika turubai. Juu ya turubai tuliweka mzigo wa ratli 50, yaani gunia dogo la unga lililofungwa kamba, na juu ya gunia ngata ya nguo kuukuu. Hapakuwa na kingine. Kibao kiliandikwa kwa mtindo ule ule wa vibao vilivyosimama mbele ya magari yote ya uwanja ule. Kilisema kwamba gari hili hubeba ratli 50, hula ratli 2 za unga kwa siku, zikipatikana, huenda maili 10 mpaka 15 kwa kutwa, hupita mtoni pasipo daraja na msituni pasipo njia, halina vipuri, likiharibika huachwa. Idadi ya yaliyotumiwa na Waingereza na washirika wao, karibu 1,000,000. Idadi ya yaliyosalia leo, hakuna.

Watoto walikuwa wa kwanza kuujaribu mzigo. Baadaye alikuja mtu mnene mwenye nguvu, akautwaa akajitwika, akaenda nao hatua ishirini mpaka kwenye kifaru kilichokuwa mbele yetu, akarudi anacheka. Kisha akasoma kibao. Akauliza, kwa siku ngapi? Nikamwambia kwamba wengine kwa miezi, wengine kwa miaka, na wengi mpaka wakafa. Aliitua ngata polepole, akaiweka mahali pake kama alivyoikuta.

Hapa yanipasa kuwa mwadilifu kwa watu wa uwanja ule, maana mabishano yasiyo na uadilifu hayafai kuandikwa. Sijapata kuona mahali pengine watu wanaojua vitu vyao kwa mapenzi ya namna ile. Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa na Jeep. Aina hiyo iliundwa zaidi ya 600,000 wakati wa vita, na kila moja ilipigiliwa kibati chenye namba yake na tarehe ya kukabidhiwa kwa jeshi. Jirani yangu aliijua siku ya gari lake kama mzazi anavyoijua siku ya mtoto wake. Alijua kiwanda, namba ya fremu, namba ya enjini, rangi ya kwanza na rangi ya pili. Alikuwa ametafuta skrubu za kioo kwa miaka miwili kwa sababu zile alizokuwa nazo hazikuwa za mwaka wenyewe. Nilimsikiliza kwa heshima. Nikamwuliza kama ajua nani aliyekuwa dereva wake wa kwanza. Akasema kwamba hilo halikuandikwa popote.

Mpagazi naye alikuwa na kibati. Kilikuwa na namba, kikavaliwa mwilini ili makarani wapate kumlipa akiishi na kumfuta akifa. Lakini kibati cha Jeep kimeng'arishwa na kusomwa na wapita njia katika Kent, na kibati cha mpagazi kimo ardhini mahali fulani kati ya Kilwa na mto Ruvuma.

Jirani yangu alinipa jibu ambalo nimelisikia tangu hapo kwa wengi, na kwa kuwa ndilo jibu kubwa la upande wao, nitalijibu. Alisema kwamba chuma hakina siasa. Yeye hapendi vita, hasifu mfalme wala jemadari. Apenda mtambo tu, na mtambo haukumdhulumu mtu. Neno hili lina sura ya unyofu, na aliyelisema alikuwa mnyofu. Lakini tuliangalie. Kama chuma ni chuma tu, mbona kila gari uwanjani limepakwa rangi ya kikosi fulani? Mbona wenye magari wamevaa sare, wamefunga mikanda, wamepika chai katika mabirika ya jeshi? Mbona mfereji wa vita umechimbwa pale pembeni, na watoto wanaonyeshwa jinsi askari alivyolala humo? Watu hawaji kutazama kabureta. Huja kutazama maisha ya binadamu yaliyopita katika chuma kile, nao wenye maonyesho wajua, na kwa maisha hayo hutoza kiingilio. Basi wamekwisha kukubali kusimulia habari za watu. Kilichobaki ni kuulizwa wamewachagua watu gani.

Nao hawakuchagua kwa hila. Kinachosalia ndicho kilichowachagulia. Chuma kikitiwa mafuta hudumu miaka mia, na ngata huoza katika masika moja. Mwenye kuandika historia kwa vitu vilivyosalia ataandika historia ya vitu vigumu. Vita vya Ulaya vikiandikwa hivyo huharibika kidogo. Vita vyetu vikiandikwa hivyo huharibika kabisa. Hapana shaka magari yalikuwapo Afrika ya Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Palikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce, na malori madogo ya Ford yaliyopendwa kwa wepesi wake. Lakini mtu akija Kent akaona gari moja la deraya lililosafishwa, akaambiwa kwamba hivi ndivyo vita vilivyopiganwa Tanganyika, amedanganywa na kitu cha kweli.

Tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Reli zilikuwa chache: ya Uganda upande wa Waingereza, ya Tanga na Moshi, na ile ya kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, upande wa Wajerumani. Nje ya reli hizo kulikuwa na nchi pana ya mbung'o. Farasi wa jeshi la Smuts walikufa kwa maelfu mwaka 1916, na ng'ombe wa magari ya kukokota wakawafuata. Malori yalifaa wakati wa kiangazi. Masika yalipofika udongo mweusi uliyameza mpaka kwenye ekseli, na mwaka 1917 bonde la Rufiji likawa bahari. Katika hali hiyo kilibaki chombo kimoja tu kisichouawa na mbung'o wala kunaswa na tope, nacho kilikuwa na miguu miwili na ngata kichwani.

Na chombo hiki kilikuwa na hesabu yake, ambayo yatisha kuliko habari yoyote ya risasi. Mpagazi amebeba ratli 50 za unga. Tukadirie kwamba ala ratli 2 kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi amekula ratli 40 za mzigo wake mwenyewe, na aliowaendea amewafikishia ratli 10, yaani posho ya askari mmoja kwa siku tano. Basi askari mmoja aliye mbali mwendo wa siku kumi ahitaji wapagazi wanne wasiopumzika hata siku moja, kwa chakula chake peke yake, kabla hajapewa risasi wala blanketi. Na akienda mwendo wa siku kumi na tatu mpagazi hafikishi kitu. Mzigo wote haumtoshi hata yeye mwenyewe kwenda na kurudi. Makamanda walijua hesabu hii. Walikuwa na njia mbili: kusimamisha vita, au kuongeza watu na kupunguza wanachokula. Msomaji ajua walichagua njia gani. Mwaka 1917 amri ya kukusanya watu kwa nguvu ilipita vijijini kutoka pwani mpaka Nyanza, na machifu wakatakiwa kutoa idadi.

Jirani yangu aliniambia, akiwa hana habari na jambo nililokuwa nikilifikiri, kwamba Jeep ikitiwa mafuta machafu huzimika. Wapagazi walitiwa mafuta machafu. Watu waliozoea wali, au ndizi, au mtama, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, nao kambini hawakuwa na kuni za kutosha, wala vyombo, wala saa za kuupika uive. Matumbo yakaharibika. Kuhara damu, malaria na kichomi viliwaua wengi kupita wote waliouawa na bunduki. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wataalamu waliochunguza baadaye waliipandisha hata karibu na 100,000. Upande wa Wajerumani hapakuandikwa hesabu ya kutegemewa. Lettow-Vorbeck alisifiwa miaka mingi kwa werevu wake wa kupigana pasipo msaada, akajisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 akiwa hajashindwa, kama wasemavyo wampendao. Lakini msaada alikuwa nao, ulikuwa mabegani mwa watu waliofungwa kamba wasitoroke, na katika maghala ya wakulima yaliyofagiwa na majeshi ya pande zote mbili. Wagogo waliipa njaa iliyofuata jina lake, Mtunya.

Siku ya tatu alikuja mkaguzi wa uwanja na daftari lake. Alikuwa mtu mwenye adabu. Akauliza gari letu liko wapi; rafiki yangu akamwonyesha lori. Akasema lori ameliona, lakini hati ya pili yasema gari la mwaka 1917, nalo halioni. Nikamwonyesha mzigo. Akausoma ubao tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema kwamba jambo hili ni la maana sana, ila mahali pake si hapa. Lina hema lake kule nyuma, kwenye wauzao medali, vifungo na picha za zamani. Nilimwuliza, je, kama ningalileta nyumbu wa jeshi ningalipelekwa kwenye hema lile? Akasema la, nyumbu angepewa nafasi hapa hapa, maana nyumbu ni usafiri. Sikumjibu. Yeye mwenyewe alisimama kidogo akilitazama neno lake, akaandika kitu katika daftari, akaenda zake. Hatukuondolewa. Lakini tangu saa ile nilijua kwamba sikosi katika dai langu, kwa kuwa mtu mwema, pasipo kutaka ubaya, alikuwa ameniambia kwamba mnyama aliyebeba mzigo wa vita ni gari na binadamu aliyeubeba ni kumbukumbu ya kuuzwa mezani.

Wapenda mitambo wana kisa wakipendacho sana, nami pia nakipenda. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika. Wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga, na kutoka hapo zikakokotwa na mitambo miwili ya mvuke juu ya milima ya Mitumba, chini ya amri ya Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Katika Uingereza mitambo ya mvuke ya namna ile hushangiliwa kila mwaka ikipita na filimbi na moshi. Lakini mtambo wa mvuke hunywa maji, na njia ile ilikuwa kavu. Wanawake wa vijijini waliajiriwa kuyateka mbali na kuyaleta kwa mitungi vichwani ili mitambo inywe, na wanaume mamia wakakata miti na kujenga madaraja zaidi ya 100 ili ipite. Sasa nani aliyeibeba Mimi kuipitisha mlimani? Aliyesema mtambo amesema kweli. Aliyesema wale wanawake amesema kweli iliyo karibu zaidi na chanzo cha jambo, na katika visa vyote vya mashua zile nilivyopata kusikia wao hupewa sentensi moja.

Isidhaniwe kwamba kosa hili liliisha na ngata. Katika uwanja ule niliyaona malori mengi ya GMC yaliyopakwa alama ya duara jekundu, kwa kumbukumbu ya msafara mkubwa uliopeleka petroli na risasi katika Ufaransa tangu Agosti mpaka Novemba 1944. Karibu robo tatu ya madereva wa msafara ule walikuwa Wamarekani Weusi. Niliyapitia malori yote yenye alama hiyo, nikasoma vibao vyake. Kimoja kilitaja. Na lori la rafiki yangu, la Kanada, ni ndugu wa malori yaliyokwenda na majeshi ya Cunningham kutoka Kenya mpaka Mogadishu na Addis Ababa mwaka 1941, na ndugu wa yale yaliyoitumikia Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wakati wa mvua. Vijana wa kwetu waliojifunza gia katika vita hivyo ndio waliorudi wakawa madereva na mafundi wa kwanza wa mabasi katika miji mingi. Rafiki yangu alikuwa hajui. Aliposikia aliongeza mstari katika kibao chake jioni ile ile, kwa kalamu ya rangi, na maandishi yake si mazuri lakini yasomeka.

Nimekwisha kusema na Waingereza. Sasa nataka kusema na sisi.

Kabla sijasafiri mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam aliniandikia. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, "nimesikia wakwenda kusimama katika sikukuu ya bunduki za wakoloni. Naomba radhi kwa kusema, lakini mbona unawapelekea wafu wetu wawe mchezo wao? Waache na vyuma vyao." Nilimjibu marahaba, nikamshukuru, maana aliyosema yana uchungu wa kweli, hata mimi, nilipomwona mtu yule mnene akicheka na mzigo kichwani, niliyakumbuka maneno yake. Walakini sikukubaliana naye, na sababu yangu si adabu kwa wageni. Kama wafu wale tungalikuwa nao kwetu, wakakaa mahali pa heshima, ningalisema na tukae nao. Je, tunao?

Mwanafunzi wa Dar es Salaam hununua viatu Kariakoo, akala Kariakoo, akapanda basi Kariakoo. Wa Nairobi ana Kariokor yake. Majina haya mawili ni neno moja, nalo ni jina la kikosi cha wapagazi, lililotamkwa na vinywa vya watu ambao hawakupewa nafasi ya kulichagua. Tumeitunza sauti yake, tukaacha maana ianguke. Katikati ya Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, imesimama tangu 1927 sanamu ya askari na bunduki yake. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yawataja wapagazi kuwa ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wakoloni, basi, walikumbuka kumtengenezea mpagazi sanamu ya shaba pasipo jina. Nasi katika miaka zaidi ya sitini ya uhuru hatujamwongezea hilo jina. Nani wa kulaumiwa kwa miaka hiyo sitini? Mkaguzi wa Kent?

Nasema haya kwa watu wa vyuo kwanza, nami ni mmoja wao. Tumeandika juu ya Maji Maji, na ni haki. Tumeandika juu ya askari, na kuna haki yake. Mpagazi ametuponyoka kwa sababu hakupigana na mkoloni wala hakupigana kwa ajili ya mkoloni; alibeba tu, na sisi, kama wale wa Kent, hatujui kumsifu mtu aliyebeba. Tena ana siri isiyotupendeza. Chifu alipotakiwa kutoa idadi hakumtoa mwanawe. Alimtoa yatima, mdeni, mgeni aliyehamia juzi, na kijana wa nyumba isiyo na mtetezi. Kumtafuta mpagazi kwa jina ni kutafuta pia nani aliyemtoa, na katika vijiji vingine majina hayo mawili yanaishi bado mtaa mmoja. Naogopa kwamba kunyamaza kwetu kumekuwa kwa adabu kuliko kwa kusahau.

Yapo ya kufanya, wala si mageni. Serikali ya Kenya na Hazina ya London zilibishana miaka mingi baada ya vita juu ya mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikudaiwa na mtu. Na penye mabishano ya fedha pana karatasi. Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, tofauti na askari wa Kizungu ambao kila mmoja aliandikwa jina lake. Iangalie hesabu hiyo: tofauti ya kiwango cha chini na cha juu ni watu 234,000. Hakuna mwenye Jeep atakayekubali tofauti kama hiyo katika namba za fremu. Na Januari 2025, huko Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa watu Weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi vya vita ile, zaidi ya 1,700, kila mtu na nguzo yake na jina lake. Nguzo hazikutengenezwa kwa chuma. Zimetengenezwa kwa mti wa mvule, ambao kwetu twaujua, maana ndio tunaochongea milango na vitanda.

Kwa hiyo nilimwandikia mwanafunzi yule mara ya pili nilipokuwa bado uwanjani, nimekaa juu ya mzigo maana kiti kilikuwa kimelowa. Sikumwambia aje Kent. Nilimwomba akaulize nyumbani kwao, kwa mtu mzima aliye hai, kama katika ukoo kulikuwa na mtu aliyetajwa kuwa alikwenda Kariakoo asirudi, na kama aliitwa nani. Alikawia wiki tatu kujibu. Alisema kwamba bibi yake alikuwa akimjua mtu wa namna hiyo kwa kusimuliwa, nduguye babu yake, na kwamba jina lake alilitaja mara moja, pasipo kufikiri, kama kwamba alikuwa akingoja kuulizwa. Kisha bibi akamwuliza kwa nini wamekuja kumwuliza sasa.

Mzigo umebaki katika banda la rafiki yangu pamoja na lori. Hati ya mwaka ujao imekwisha kuja. Maswali ni yale yale, ila chini ya swali la aina ya gari wameongeza maneno madogo, kwamba waonyeshaji watakaoleta wanyama wa usafiri waandike idadi yao na jina la kila mnyama. Nimeijaza, nikaandika jina lile alilolitaja bibi.